Mstari, Duara, Kisanduku

Tangazo lilibandikwa Jumanne asubuhi kwenye mlango wa dobi, chumba chetu cha kufulia, juu kidogo ya kitasa, ili asiwepo mtu wa kusema hakuliona. Nililisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Kiswahili nakisoma, polepole lakini nakisoma, na mtu asinihimize. Lilisema kila mfanyakazi wa dobi la hospitali anayegusa madumu ya dawa atafanya mtihani wa Kiingereza baada ya wiki sita. Atakayeshindwa atatolewa kazini. Kidole kilipofika kwenye "atatolewa" kilikwama hapo hapo. Nikaingia ndani nikaanza kuwapigia watu kelele kwa ajili ya rundo la mataulo.

Ndivyo nilivyo, nikiogopa napiga kelele. Pale dobini waliniita Jemadari, nami nikaliacha jina linivae. Nusu ya ujemadari wenyewe ilikuwa woga mtupu, ila hakuna aliyeniuliza.

Shule nilikaa miaka miwili na nusu. Baba akafa, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Nikaolewa na mpishi wa hospitali, mtu mpole, akanifia mapema. Mwaka alionifia ndio mwaka niliopewa kazi ya kufua mashuka ya wodi, na pamoja na kazi nikapewa chumba namba sita, nyumba za wafanyakazi, nyuma ya jenereta. Dirisha moja, mlango mmoja, ufunguo mmoja. Nimekaa humo miaka thelathini na mbili. Mwanangu huniita nikakae kwake. Mkewe hana baya, sina neno naye, lakini kule nitakuwa mgeni asiyeaga. Nitakalishwa kwenye kochi, nitaulizwa kama nimeshiba, nikishika ufagio nitaambiwa, "Pumzika, mama." Mimi sijaomba kupumzika. Sasa nyumba za wafanyakazi zina sheria moja tu: kazi ikiisha, ufunguo unarudi ofisini. Kwa hiyo wenzangu waliposoma neno mtihani, mimi nilisikia mtu anazungusha kitasa changu kutoka nje.

Na mtihani wenyewe haukuja bure. Dobini hatukuwa tunasoma madumu, tulijua mahali. Dumu la kushoto ni sabuni. La katikati ni la kung'arisha. La kulia, ukutani, ni lile kali la kutoa kutu. La kung'arisha na la kutu hayakutani hata siku moja, hilo tulifundishwa kwa mdomo na waliotutangulia. Basi mwaka ule wa tangazo mzigo ukaja wa madumu meupe yote, sura moja, maandishi ya Kiingereza matupu, na mpakuzi akayapanga anavyojua yeye. Mama wa mashine ya pili akachota la katikati kama siku zote, akamimina, kumbe ni lile la kutu, na alilomimina kwanza kama sabuni lilikuwa la kung'arisha. Nilikuwa mashine ya tatu, hatua tano kutoka kwake. Nilisikia harufu ya kukata pua, nikaona mvuke wa rangi mbaya, halafu nikamwona yeye amepiga magoti, anakohoa kama anatapika roho. Tulimburuta nje. Akalazwa wodi ile ile ambayo mashuka yake alifua yeye. Hakufa. Lakini mpaka leo akizungumza anakata katikati ya maneno avute pumzi, kama mtu anayepanda ngazi.

Sikumwambia mtu yeyote kwamba asubuhi ile kopo langu lilikuwa tayari mkononi. Angechelewa kidogo tu, ningechota mimi.

Tangu hapo kila dumu lilinitisha. Nikifungua kifuniko nageuza uso pembeni. Na kila nikitazama yale maandishi naona wadudu wamepangwa mstari.

Mwalimu alikuja wiki iliyofuata, mwanamume mwembamba wa makamo, shati limepigwa pasi vibaya mpaka wifi yangu, mpiga pasi wetu, akasikitika. Ubao aliuegemeza kwenye marobota ya mashuka, kwenye chumba cha kukunjia, sisi tukakaa kwenye vikapu vilivyopinduliwa.

"Mama zangu, baba zangu," akasema, "mimi sikuja kuwafanya wazungu. Nataka mlisome dumu. Dumu likisema kitu, linasema mambo matatu. Kuna neno la kitu chenyewe, hiyo ni nomino. Kuna neno la kufanya, hicho ni kitenzi. Kuna neno la kusema kitu kikoje, hicho ni kivumishi. Ukiyajua hayo matatu kwenye sentensi ndogo ya Kiingereza, utajua unaambiwa ufanye nini, kwa kitu gani, cha namna gani. Nomino pigeni mstari chini. Kitenzi kizungushieni duara. Kivumishi kitieni kwenye kisanduku."

"Mwalimu," wifi yangu akadakia kutoka nyuma, "huyu Jemadari wetu tumtie wapi?"

"Mtu ni nomino, mama."

"Huyu? Huyu ni kitenzi, mwalimu. Tangu nimjue hajawahi kutulia."

Wakacheka wote. Huyo ndiye wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mshika pasi. Kwa miaka yote hiyo alikaa chumba namba saba, ukuta mmoja na mimi. Siku ya kwanza nilipoingia kwao alisema ukoo wao haujawahi kuleta mke mwenye sauti ya honi. Sijamsamehe, na wala yeye hajaomba asamehewe.

Basi tukaanza. Mwalimu aliandika "The cook opens a big pot." Akatueleza: mpishi anafungua sufuria kubwa. Mpishi mstari, sufuria mstari, kufungua duara, kubwa kisanduku. Vile vijineno vidogo vya kujazia nafasi, akasema tuviache. Nikaelewa. Wallahi nilielewa, mle mle ndani. Nikatoka mlangoni kwenda kwenye mashine, yote yakamwagika. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Kwetu unataja kitu kwanza ndipo unasema kikoje. Wenzetu wanatanguliza ukubwa kabla hujajua ni kitu gani. Nikiona neno la mbele nalipiga mstari, kumbe ni la kisanduku. Nikiona linalofuata natia kisanduku, kumbe ni kitu. Na kila siku mwalimu akiuliza, "Nani hajaelewa?" mimi nilikuwa kikapu cha mbele, mikono magotini, naitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Nimewafundisha nusu ya watu waliokuwa mle ndani kukamua shuka. Ninyanyue mkono niseme sijui? Nani, mimi?

Wiki zikawa zinakimbia. Chakula kikawa hakipiti. Nikisikia viatu kwenye korido najua wamekuja kuchukua ufunguo. Siku moja mtu wa bomba alibisha mlango wa chumba changu aangalie koki, nikakaa kimya kitandani nimeshika mdomo mpaka akaenda zake, na koki ikavuja wiki nzima.

Wiki ya tano mwalimu akaandika ubaoni sentensi kumi, akazitia alama zake zote kwa chaki, akasema, "Mtihani wa Jumatatu ni hizi hizi kumi. Mkae nazo mzijue." Wenzangu wakanakili wakasome. Mimi nikanakili alama.

Hapa lazima nieleze kazi yetu. Kila shuka la hospitali lina alama ya uzi pembeni, kwenye pindo. Msalaba mmoja ni wodi ya wanawake, misalaba miwili ya wanaume, fundo ni chumba cha upasuaji, na kadhalika. Hatuzisomi kwa macho. Mvuke umejaa, mikono imelowa, shuka lina madoa, macho yatakudanganya. Tunasoma kwa kidole gumba. Mtu wa dobi akishika pindo lolote, hata la sketi yake mwenyewe, gumba linapapasa lenyewe. Na mimi ndiye niliyekuwa nashona alama hizo.

Ijumaa nilitoka kazini saa tisa, nikajifungia. Nikatoa aproni yangu, nyeupe kama za wote, nikaigeuza, na kwa uzi mweupe nikashona ndani ya pindo sentensi zote kumi. Penye mstari nikashona mstari, penye duara duara, penye kisanduku kisanduku. Vijineno vya kuachwa nikavipa nukta. Safu kumi. Ukiitazama kwa mbele huoni kitu. Ukipapasa, mtihani mzima uko kwenye gumba lako. Nilipomaliza nikajaribu nimefumba macho: nukta, mstari, duara, nukta, kisanduku, mstari. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano nilikula nikashiba.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Aproni za dobi si za mtu. Kila Jumamosi jioni zote zinatupwa kwenye toroli moja, zinafuliwa, zinapigwa pasi, zinawekwa rafuni, Jumatatu kila mtu anachukua iliyo juu. Hakuna aproni inayolala nyumbani. Sheria hiyo niliiweka mimi, miaka ishirini iliyopita, na nimeisimamia kwa ukali mpaka wengine wanainunia hadi leo. Jumamosi hiyo nikasimama mbele ya toroli kama kawaida, napaza sauti, "Aproni! Aproni!" Watu wanavua, wanatupa. Nilikuwa nimepanga yangu nitoke nayo chini ya gauni. Ndipo wifi akanisimamia mbele, mkono kiunoni.

"Na yako je, wifi? Au yako ni ya harusi?"

"Yangu naijua mwenyewe."

"Haya jamani, leo Jemadari anaondoka na mali ya umma!"

Watu ishirini na wawili wananitazama, na msimamizi mlangoni na miwani yake. Ningesema naumwa, ningesema imechanika, ningesema chochote. Nikaona haya. Nikafungua kamba nikaitupa ndani, tena kwa nguvu, kichwa juu. Nikajiambia Jumatatu nitawahi, nitaipapasa rafuni, nitaitoa.

Jumapili yote nilikaa nimetazama ukuta. Kutakuwa na aproni zaidi ya arobaini, pamoja na za akiba, kwenye lile rafu. Akiivaa mtu mwingine? Ikionekana? Itaulizwa ni sindano ya nani, na sindano ya pale ni moja.

Jumatatu nilifika kabla ya wote, nikakuta rafu limefungwa kwa kufuli. Hilo halijawahi kutokea; kumbe msimamizi aliagiza kila kitu kifungwe kwa ajili ya mtihani. Wifi ndiye aliyekuwa na ufunguo wa rafu, akaja polepole, analalamikia miguu. Alipofungua tu watu wakajaa, mikono kila mahali. Nilipapasa pindo moja, mbili, sita, tisa. Laini. Laini. Laini. Mtu akaniambia, "Mama, chukua yoyote bwana, zote nyeupe." Nilivaa iliyokuwa mkononi, nikaingia kwenye mtihani kama maiti anayepelekwa kuoshwa.

Chumba cha kukunjia kilipangwa meza. Msimamizi alisimama mlangoni. Yeye alikuja pale binti mdogo, mimi ndiye niliyemfundisha kukunja shuka la watu wawili akiwa peke yake, na siku zote ananiita Mama. Mwalimu akagawa karatasi. Nikaitazama yangu. Safu nilikuwa nazo pia kichwani, angalau tatu nne za mwanzo, maana aliyeshona haachi kukumbuka. Sentensi ya kwanza ubaoni ilikuwa fupi. Hii ya kwanza ilikuwa ndefu. Ya pili ubaoni ilianza na neno nene. Hii imeanza na neno jembamba. Nikajua papo hapo: amezichanganya. Sentensi ni zile zile kumi, lakini hazikupangwa vile. Safu zangu zote, pale kichwani na kokote ziliko, hazina kazi. Nikashika penseli nikaiachia. Nikaishika tena.

Meza ya mbele yangu alikaa wifi. Na hapo nikaona mkono wake wa kushoto. Uko chini ya meza, umeshika pindo la aproni, na gumba linakwenda. Linakwenda, linasimama, linarudi, linakwenda tena. Hakuwa anaiba. Niliuona uso wake kwa ubavu: amekunja kipaji, kama mtu aliyepapasa shuka akakuta alama ya wodi asiyoijua. Kila akiacha, gumba linarudi lenyewe.

Moyoni nikawa namwambia, acha, wifi, acha hiyo, ondoa mkono.

Mwalimu aliona. Alikuja taratibu, akasimama kando yake, akasema, "Mama, samahani. Naomba nione unachoshika."

Akageuza pindo. Akatazama. Akamwita msimamizi. Tukasikia mashine inavyotiririsha maji upande wa pili.

"Simama, mama," msimamizi akamwambia wifi. "Hii ni nini?"

"Aproni."

"Ndani ya aproni."

Wifi akainama akatazama. Alitazama kwa muda. Mimi huirudisha sindano nyuma mara mbili kabla ya kukata uzi, hakuna mwingine anayefanya hivyo pale dobini, na yeye amepiga pasi juu ya mishono yangu maelfu kwa maelfu. Akainua uso. Macho yake yakapita kwangu, hayakusimama, yakaenda yakatua kwenye dirisha.

"Nimeikuta hivyo," akasema.

"Umeikuta. Na kidole kilikuwa kinafanya nini?"

"Kidole cha dobi kikikuta pindo kinapapasa, mwanangu. Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo kabla hujapewa miwani."

Mtu akacheka, akakatisha.

"Sitanii, mama. Nani ameshona?"

"Mimi ni mtu wa pasi. Sindano sijui."

"Mama, ukinitajia aliyeshona, wewe unaendelea na mtihani. Usiponitajia, itakuwa ni wewe, na ufunguo wa chumba naupokea Ijumaa. Nani?"

Wifi akapandisha mabega. "Basi andika ni mimi. Nimechoka kusimama." Akaanza kufungua kamba za aproni.

Nitasema kweli, maana nimeshaanza. Sikusimama papo hapo. Nilihesabu. Niliona akitoka yeye, mimi nabaki na karatasi yangu tupu, labda nitabahatisha, labda chumba changu kitapona. Niliona mlango namba saba umefungwa, ukuta wa pili hauna sauti. Nilikuwa nimeogopa zaidi ya siku ya lile dumu, kwa sababu siku ya dumu mtu anakimbia tu, hapa ilibidi nibaki. Nikaona anahangaika na fundo la kamba mgongoni, vidole vyake vimepinda kwa miaka ya pasi, fundo halifunguki, na hakuna anayemsaidia. Nikasimama. Kiti kikaanguka.

"Hiyo sindano ni yangu."

Msimamizi akavua miwani. "Mama?"

Hilo neno moja liliniuma kuliko matusi.

"Nimeshona mimi Ijumaa. Nikaitupa torolini Jumamosi kwa sababu ya kiburi. Huyu hajui chochote. Muache aketi."

"Nani kakutuma?" wifi akaning'akia. "Mimi nimekuomba unisemee?"

"Kaa chini, wifi."

"Kaa wewe!"

Mwalimu alikuwa ameishika ile aproni karibu na karatasi, analinganisha. Akatikisa kichwa. "Hii isingekusaidia, mama. Nimebadilisha mpangilio."

"Nimeona."

"Kwa nini hukuniambia hujaelewa? Kila siku nimeuliza nani hajaelewa."

"Uliuliza watu wote," nikamwambia. "Hukuniuliza mimi." Sauti ilitoka ya kijemadari.

Halafu akasema kwa sauti ya chini, si ya kufundisha, "Mimi sikuja hapa kuwafukuza. Nilioneshwa yule mama wa mashine ya pili. Nilikuja ili asiwepo mwingine."

Karatasi yangu ilichanwa. Wifi alirudishiwa yake, akamaliza huku ananuna, akapata saba juu ya kumi, na saba ndiyo iliyokuwa ikitakiwa. Mimi niliambiwa niko nje ya dobi mpaka mtihani wa marudio baada ya miezi mitatu, kama nitataka kurudia. Ufunguo Ijumaa.

Ijumaa nilikuwa nimefunga vitu vyangu kwenye mashuka mawili, nasubiri mwanangu aje. Nilikuwa nimeshamtumia salamu. Wifi akaingia bila hodi, akashika upande mmoja wa kitanda changu.

"Shika huko."

"Kinakwenda wapi?"

"Kwangu. Upande wa ukuta. Dirisha ni langu, usije ukajisahau."

"Mwanangu anakuja kunichukua."

"Akija atakunywa chai ataondoka. Ulifikiri nilisimama pale ili wewe ukakae kwenye kochi? Shika huko, mwanamke, mgongo unaniuma!"

Nikashika.

Ile miezi mitatu simwombei mtu. Wifi akawa mwalimu, na yule wa shati alikuwa malaika ukimlinganisha. Siku ya kwanza nilisema kwa mdomo wangu, "Sijaelewa hata moja." Ilichukua muda kutoka. Nilidhani atacheka, lakini alivuta tu kigoda. Kuanzia hapo sikupewa kitu mpaka nikipange. "Hot tea, ipi ni ipi?" Chai ni kitu, moto ni sifa. "Kitenzi kiko wapi?" Nasema hakuna. "Kunywa basi, hicho hapo." Akipiga pasi gauni anataja, akifagia anataja, akigombana na koki anataja. Nikikosea anagonga meza kwa kijiko, na moyo wangu unaruka. Kuna wakati niliogopa kumwomba chumvi. Nikaanza kuona kwamba lile neno la mbele halina haja ya kunitisha. Nisubiri tu. Nisitie alama mpaka nifike mwisho wa sentensi nijue nani anafanya nini, halafu nirudi nyuma nipange. Kosa langu lilikuwa haraka. Nilikuwa naogopa kila neno kivyake.

Mchana, wifi akiwa kazini, nilikaa peke yangu nikasikia mashine za dobi kwa mbali zikianza na kunyamaza. Kila zikinyamaza ghafla nilisimama nikatazama barabara, kama kuna anayebebwa.

Siku ya marudio tulikuwa watu wanne. Sikuvaa aproni. Mwalimu aliweka karatasi mbele yangu, sentensi mpya zote, hata moja sijawahi kuiona. Wadudu wakaanza kutembea. Nikafumba macho, nikafumbua. "The tired driver parks a long truck." Dereva namjua. Lori nalijua, lipo kila siku uani. Nikasubiri nifike mwisho, kisha nikarudi, duara kwenye lile la kuegesha, visanduku viwili. Maduara yangu yalitoka kama mayai. Sentensi ya saba sikuijua kabisa, nikaiacha tupu. Ya tisa vilevile. Zilizobaki nilizipanga moja moja, na kwa muda wote ule nilikuwa nikimwona mama wa mashine ya pili anavuta pumzi.

Matokeo yalibandikwa mlangoni. Nilisimama mbali nikawaacha wenzangu watatu wasome kwanza. Halafu nikaenda na kidole.

Nikapitia kwa msimamizi. Akasema, "Karibu tena, Mama. Unaanza Jumatatu, mashine ya tatu." Nikamwuliza chumba namba sita. Akashika miwani yake, akazunguka zunguka. Kimeshapewa dereva wa gari la wagonjwa na mkewe, wana mtoto mchanga. Kuna orodha ya wanaosubiri. Akanionesha. Nilijitafuta nikajikuta wa kumi na moja. Na juu ya meza yake, kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kutazama, nikaona karatasi za mzigo mwingine wa madumu unaokuja, maandishi marefu kuliko ya kwanza, na nusu ya maneno siyajui. Nikamwomba anipe nakala moja niende nayo. Sikuona haya kuiomba.

Nilimkuta wifi amelala chali, miguu juu ya mto.

"Umepata?"

"Nane."

Akageuza kichwa. "Nane ngapi?"

"Nane juu ya kumi. Wewe ulipata saba, kama sikosei."

"Mimi nauliza chumba."

"Sijapata. Wa kumi na moja."

Akashusha miguu.

"Basi sogeza kitanda chako huko, mlango haufunguki vizuri. Na hiyo karatasi ni ya nini tena?"

"Madumu mapya. Nusu sijui."

"Lete," akasema, na akanyoosha mkono kutafuta kijiko.